Kitabu Kiende Nyumbani au Kibaki Kabatini?

Aliyezoea vikao vya wazazi katika shule zetu za msingi za serikali anazijua ajenda kabla hazijasomwa: chakula cha mchana, matundu ya vyoo, madawati, utoro. Kusoma kwa watoto, kukitajwa, hutajwa kwenye mengineyo, wakati nusu ya wazazi wameshaondoka na waliobaki wanaangalia saa. Hapa jambo hilo limepewa kikao kizima. Nimekiweka Mwanza, kwa sababu Kanda ya Ziwa iliwahi kujaribu kwa nguvu kuifanya nyumba ya mkulima na mvuvi kuwa mahali pa kusoma. Shule haina jina na wasemaji nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Ndizo zinazosemwa ofisini kwa walimu, sokoni na vijiweni.

Hoja iliyo mezani: watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu waruhusiwe kwenda nyumbani na vitabu vya shule.

MWENYEKITI WA KAMATI YA SHULE: Karibuni, wazazi. Leo hatuchangishi kitu, kwa hiyo msikae karibu na mlango. Mwalimu Mkuu, funguo za kabati unazo wewe. Anza.

MWALIMU MKUU: Ninazo, na ndiyo sababu naanza kwa kupinga. Wengi wenu mnafikiri mwalimu mkuu anafungia vitabu kwa uchoyo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ndani yake, shilingi 4,000 ni za vitabu, nazo hazifiki hapa kama fedha. Zinabaki juu, vitabu vinachapwa na Taasisi ya Elimu na kuletwa. Kitabu kikipotea siwezi kuingia dukani nikanunua kingine. Ninachoweza ni kupokea, kugonga muhuri na kuandika kwenye leja. Mthibiti ubora akija anahesabu. Vikipungua, barua ya maelezo naiandika mimi. Sijawahi kuandika barua ya kueleza kwa nini vitabu vyote vipo na watoto hawasomi.

MWENYEKITI: Hilo la mwisho umelisema wewe mwenyewe, Mwalimu.

MWALIMU MKUU: Nimelisema, na silifuti. Lakini kazi yangu inapimwa hivyo.

MAMA MUUZA DAGAA: Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Mimi ni mtu wa Mwaloni pale Kirumba, na kwa hili niko upande wako. Karatasi nazijua. Wauza karanga pale sokoni wanafungia kurasa za vitabu. Nimeshafungua karanga nikakuta hesabu za darasa la tatu. Mtoto hajaiba, kitabu kimeingia nyumbani, kimelowa mvua, mdogo wake amechana jalada, mwisho kikauzwa kwa kilo pamoja na madaftari ya zamani. Nyumba yangu ni chumba kimoja. Dagaa wako ndani, jiko liko ndani, watoto wako ndani. Hicho kitabu nitakiweka wapi?

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Mama, swali lako nitalijibu, ila kwanza niruhusuni nipige hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Chukulieni darasa lenye watoto 90, jambo ambalo hapa si la kushangaza. Nikiacha kufundisha kabisa, nikamwita kila mtoto anisomee kwa sauti, kila mmoja anapata sekunde 20. Ndani ya sekunde 20, mtoto anayeanza anasoma maneno matatu, labda manne. Sasa mtoto huyohuyo akiwa na mtu wa kumsikiliza dakika kumi tu jioni, amepata sekunde 600. Ni sawa na vipindi vyangu 30. Hakuna mbinu ya kufundishia niliyojifunza chuoni inayoweza kufidia tofauti hiyo.

BABA WA BODABODA: Lakini madamu, mtoto wangu anasoma. Kila jioni anaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka jirani anamnyamazisha.

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Anaimba, baba. Kuimba anaweza hata akiwa amefumba macho. Mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliwekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ili tumfundishe mtoto sauti za herufi na kuziunganisha, tusiishie kwenye wimbo. Mpime mwenyewe leo. Funika picha kwa kiganja, maana wengi husoma picha. Halafu usimwanzishe mwanzo wa mstari; weka kidole katikati na umwambie aanzie hapo. Aliyekariri atarudi mwanzo wa mstari apate kushika wimbo. Anayesoma ataanzia pale ulipogusa, hata kama atajikwaa.

MWENYEKITI: Na akishaweza silabi, kazi imekwisha?

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Kiswahili ni chepesi kwa kuanzia, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika irabu na konsonanti, halafu mwambatano kama mb, nd, ny, ng', mw, anaweza kutamka karibu neno lolote. Mzazi anafurahi na sisi tunaweka alama ya vema. Kumbe anasoma pole pole kiasi kwamba akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Muulize sentensi inahusu nini, anakutazama. Kasi haiji kwa kufundishwa sheria nyingine. Inaletwa na kurasa nyingi, na mimi kurasa nyingi sina, kabati linazo.

MWENYEKITI: Hili si la shule yetu peke yake. Kuanzia 2010 tathmini ya Uwezo iliwafuata watoto majumbani, haikuwasubiri darasani, ikawapa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Miaka ile ya mwanzo watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Wazazi walioshuhudia walishtuka. Walikuwa wanapeleka mtoto shule kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumwambia mtoto, hebu nisomee.

BABA WA BODABODA: Basi tuongeze tuisheni. Mimi natoa hela ya tuisheni kila siku, sijakataa. Na kusema kweli, ningependa hiyo tuisheni iwe ya Kiingereza. Kiswahili anakizungumza tayari, cha nini kukisoma?

MWALIMU MKUU: Baba, tuisheni ya hapa mtaani nayo ina watoto arobaini kwenye baraza moja. Umehamisha msongamano kutoka asubuhi kwenda jioni.

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Na kuhusu Kiingereza, ukitaka akimudu, mwache kwanza ajue kusoma ni kitu gani. Mtoto akigundua kwamba alama hizi zinatoa sauti, na sauti zinatoa maana, ugunduzi huo anaupata mara moja maishani. Rahisi aupate kwenye lugha anayoielewa na isiyo na hila za tahajia. Ukimpeleka Kiingereza kabla hajaupata, utapata wimbo mwingine, wa gharama zaidi.

BABA WA BODABODA: Sawa. Lakini kuna jambo, acha niliseme mbele ya watu. Mimi shule niliacha darasa la nne. Mtoto akinikalisha na kitabu, ataniuliza neno nisilolijua. Afadhali nirudi akiwa amelala.

BIBI: Baba, ni nani amekwambia ukae kama mwalimu?

MWENYEKITI: Shikamoo, Bibi. Endelea.

BIBI: Marahaba. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Mwalimu Nyerere alipoufanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nilikuwa msichana aliyeolewa, sijui a wala be. Ukerewe ilikuwa kati ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga ifikapo mwisho wa 1971. Tulikwenda kisomo jioni, tukitoka shambani. Waliotufundisha wengine walikuwa watoto wa shule na majirani waliosoma kidogo kutuzidi. Vitabu vilizungumzia pamba, samaki, chakula cha mtoto. Nikirudi nyumbani namsomea mume wangu, naye hakujua kusoma kunizidi. Kazi yake ilikuwa moja: nikikwama, anasema, rudia. Nikirudia, linatoka. Nilijua kusoma kwa sababu ya mtu asiyejua kusoma aliyekubali kunisikiliza.

MWALIMU MKUU: Bibi, kisomo kilikuwa kampeni ya taifa zima. Serikali, chama, redio, wote walikuwa nyuma yenu.

BIBI: Walikuwapo. Na vitabu vilikuwapo pia, vinakuja nyumbani. Kulikuwa na maktaba za vijiji, na huku Kanda ya Ziwa tulipata gazeti letu, Elimu Haina Mwisho. Baadaye vikapungua, gazeti likapotea. Wenzangu wengi niliosoma nao walisahau. Uzee haukuwa umewafika, Mwalimu. Walikosa cha kusoma. Kichwa hakitunzi kitu ambacho macho hayakioni.

MWENYEKITI: Kumbukumbu za taifa zinaunga mkono nusu ya kwanza ya maneno ya Bibi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili. 1986 ikatangazwa kuwa ni chini ya asilimia 10. Nusu ya pili, ya kusahau, haina sherehe wala tangazo, lakini kila mtaa una mashahidi.

MAMA MUUZA DAGAA: Bibi, nakuheshimu sana, ila mume wako alikuwa nyumbani jioni. Mimi natoka sokoni saa mbili usiku. Nikifika kuna maji, kuna kupika, kuna sare ya kufua. Nani atakaa dakika kumi? Na nina hofu nyingine. Tukishakubali hapa kwamba kusoma ni kazi ya nyumbani, kesho mtoto akishindwa nitaambiwa, ni mama yake huyo, hamsikilizi. Mwalimu analipwa mshahara afundishe, mimi nalipwa nikiuza dagaa.

MWALIMU MKUU: Hofu yake ina msingi. Wenzetu wa Kenya walipoanzisha mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019, ushiriki wa mzazi uliandikwa kabisa kuwa nguzo. Muda si mrefu wazazi wakawa wanalalamika: mara watafute vifaa, mara wachape picha, mara watengeneze vitu usiku ambavyo mtoto atavipeleka asubuhi. Mwenye fedha alimtengenezea mwanawe, asiye nazo mtoto wake akaenda mikono mitupu. Tukisema nyumba ishiriki, tuseme ishiriki kwa nini na kwa kiasi gani.

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Nakubali, na mpaka wake ni huu. Kufundisha ni kazi yangu. Sauti, silabi, mwandiko, kumrekebisha anayechanganya b na d, yote yangu. Sitaki mzazi afundishe silabi. Mara nyingi atamfundisha wimbo alioimba yeye. Nyumbani naomba mambo mawili tu. Mtoto asome kwa sauti, mtu asikilize. Halafu mtu huyo amuulize, kimetokea nini humo? Basi. Kama nyumbani mnasema Kisukuma, ajibu kwa Kisukuma. Akiweza kukueleza kwa lugha ya nyumbani alichosoma kwa Kiswahili, ameelewa kwa uhakika kuliko yule anayenirudishia sentensi ya kitabu neno kwa neno. Na aliyekosea neno, mwambie kama mume wa Bibi: rudia.

BABA WA BODABODA: Hilo naliweza.

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Unaweza zaidi ya hilo. Ujumbe wa muamala ukiingia kwenye simu yako unausoma, tena kwa makini kweli. Mwite akusomee. Unga una maandishi kwenye mfuko, daladala zina majina ya vituo. Huko nako ni kusoma.

BABA WA BODABODA: Na simu yenyewe? Nasikia Taasisi ya Elimu imeweka vitabu kwenye Maktaba Mtandao, bure. Tukivipata huko, Mwalimu Mkuu atabaki na kabati lake na amani yake.

MWALIMU MKUU: Ningefurahi. Lakini jioni simu yako iko wapi?

BABA WA BODABODA: Iko na mimi barabarani. Na bando likiisha limeisha.

MWALIMU MKUU: Basi kitabu cha mtandaoni kinakuja nyumbani na wewe, mtoto akiwa amelala. Kinamsaidia mwalimu kuandaa somo. Kwa mtoto wa darasa la kwanza bado nahitaji karatasi.

MWENYEKITI: Kuna mtu hatujamsikia. Nimemwomba mwanafunzi wa darasa la tano aje. Una mdogo wako darasa la pili, siyo? Karibu, usiogope.

MWANAFUNZI: Shikamooni. Darasani kwa mdogo wangu kitabu kimoja wanakaa wanne. Anayekaa katikati ndiye anayeona. Wa pembeni anaona nusu ya ukurasa. Mdogo wangu anakaa pembeni kwa sababu ni mfupi wanamsukuma. Nyumbani nikimaliza kuosha vyombo huwa namchezesha shule, ila hatuna kitabu, nachora kwa mkaa ukutani. Mama ananigombeza kwa ajili ya ukuta.

MAMA MUUZA DAGAA: Huyo ni wangu. Na ukuta ni wangu.

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Mama, uliuliza nani atakaa dakika kumi. Amesimama hapo mbele yako. Mtoto wa darasa la tano anayemsikiliza mdogo wake anafaidika yeye pia. Anapata kurasa alizozikosa alipokuwa mdogo. Ombi langu ni kwamba usiku huo vyombo vioshwe na kaka yao, kama yupo.

MAMA MUUZA DAGAA: Yupo. Anaangalia mpira kibandani.

MWENYEKITI: Tumefika mahali pazuri. Mwalimu Mkuu, bado unapinga?

MWALIMU MKUU: Vitabu vya kiada, ndiyo, bado. Kitabu kimoja kwa watoto wanne, kikiondoka na mmoja na huyo mmoja asubuhi asije shule, watatu wamekaa bure. Hilo sitalikubali. Lakini nina katoni za vitabu vya hadithi. Vimeletwa na miradi kwa nyakati tofauti. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulikuwa unanunua nakala kwa wachapishaji wa hapa nchini na kuzipeleka shuleni, na baada yake wamekuja wengine. Vile havitumiki kwenye kipindi, na kwa kuwa havimo kwenye ratiba havitolewi kabisa. Vingine bado vinanuka wino.

BIBI: Sufuria isiyo na masizi haijapika, Mwalimu.

MWALIMU MKUU: Nimekuelewa, Bibi. Basi nasema hivi. Vitabu vya hadithi vitoke kila Ijumaa, virudi Jumatatu. Kila darasa liwe na daftari la kuazima, na waandike wanafunzi wenyewe: jina, kitabu, tarehe. Kila mtoto aje na mfuko mgumu wa kubebea, hata ule wa unga uliooshwa. Na jambo la nne ndilo kubwa kwangu. Naomba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao hiki, lisainiwe na kamati, kwamba wazazi na kamati ndio mmeamua, na kwamba tunategemea vitabu kadhaa vitachakaa na vingine vitapotea kila mwaka. Mthibiti ubora akija nimwonyeshe muhtasari pamoja na leja. Bila karatasi hiyo, nikirudi ofisini nafunga kabati.

MWENYEKITI: Katibu, andika. Yupo anayepinga?

MAMA MUUZA DAGAA: Mimi sipingi tena, ila nina sharti. Kitabu kikipotea, mtoto asichapwe, asirudishwe nyumbani, asidaiwe hela. Tangu 2016 tunaambiwa elimu ni bila ada. Nikijua kuna kitabu cha elfu kadhaa ndani ya nyumba yangu na nikipoteza ninadaiwa, nitakifungia sandukuni mpaka Jumatatu, mtoto asikiguse. Mtakuwa mmehamisha kabati tu kutoka kwa Mwalimu Mkuu kuja kwangu.

MWALIMU MKUU: Na mzazi atakayepoteza cha kwanza, cha pili, cha tatu? Naye nimwangalie tu?

MAMA MUUZA DAGAA: Mwite tuzungumze, kama unavyoniita kwa utoro. Lakini mtoto wake apewe cha nne.

MWALIMU MKUU: Hapo hatujakubaliana, mama.

MWENYEKITI: Liandikwe hivyohivyo, kwamba hatujakubaliana. Lirudi kikao kijacho tukiwa na daftari la kuazima mkononi, tuone vimepotea vingapi kabla ya kugombania adhabu.

Msomaji ana haki ya kujua mwandishi anasimama wapi. Ninasimama na muuza dagaa. Hofu ya Mwalimu Mkuu ni halali: amekabidhiwa mali ya umma na anaulizwa idadi yake. Lakini adhabu ya kitabu kilichopotea, kwa namna yoyote itakavyowekwa, itamwangukia mtoto wa nyumba yenye chumba kimoja, paa linalovuja na wadogo wengi, yaani yuleyule ambaye hana kitabu kingine popote. Nyumba yenye kabati haitapoteza kitu, na haikuwa na shida ya kitabu tangu mwanzo. Mpango wa kuazimisha unaomwondoa anayepoteza huwaondoa kwanza wale waliowekewa.

Kwa hiyo kamati ibebe hasara, na iibebe ikijua. Ikiwa shule ina vitabu vya hadithi 200 na mwaka wa kwanza ikapoteza 20, itabaki na 180 vilivyosomwa, na watoto waliopata jioni zenye kurasa na msikilizaji. Kwa upande wetu wazazi, gharama tunayoombwa haihitaji elimu, fedha wala umeme wa kudumu. Inahitaji mtu mmoja ndani ya nyumba, awe baba aliyeacha darasa la nne au dada wa darasa la tano, aseme, hebu nisomee, kisha avumilie kusikia neno moja likijaribiwa mara tatu bila kulitamka yeye. Na wathibiti ubora nao, wakimaliza kuhesabu vitabu, waombe daftari la kuazima. Shule ambayo leja yake imetimia na daftari lake liko tupu ndiyo iandikiwe barua ya kutoa maelezo.